Neno "Msichana" Mlangoni pa Shule: Jina, Mwili na Nafasi katika Nchi ya Wakipsigis

1. Utangulizi

Mwanafunzi afikapo kwa mara ya kwanza katika shule ya bweni, kitu cha kwanza kumkabili si somo bali ni fomu. Fomu hiyo humtaka aandike jina lake, tarehe aliyozaliwa, jina la mzazi wake, na jinsia yake. Katika shule ya wasichana swali hili la mwisho huonekana kana kwamba limekwisha kujibiwa kabla ya kuulizwa. Aliyekuja na barua ya kuitwa shuleni hapo ni msichana. Lau asingekuwa msichana, asingaliitwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo halijapata kuwa jepesi hivyo. Tutadai kwamba katika nchi ya Wakipsigis mambo matatu yalikuwa yakitambuliwa mbalimbali: mwili aliozaliwa nao mtu, jina aliloitwa, na nafasi aliyopewa na jamii. Lugha na desturi zilikuwa na njia ya kulitaja kila moja peke yake. Shule ilipokuja na daftari lake, iliyafunga yote matatu katika safu moja na kuiita "jinsia". Ufungaji huo uliwafaa wasichana wengi, kwani uliwapatia mahali pa kusomea pasipo kuingiliwa. Walakini ulimwacha nje mtoto ambaye mambo yake matatu hayapatani, na mtoto huyo yupo.

Tumechagua kusimama Londiani na kutazama kutoka hapo. Londiani ni mji mdogo wa nyanda za juu katika Kaunti ya Kericho, kwenye njia ya reli iendayo Kisumu, mahali ambapo msitu hukaribiana na mashamba, nayo nchi ya majani chai imeanza upande wa kusini-magharibi. Chuo cha misitu kilifunguliwa hapo mwaka 1957. Kwa sababu ya reli, misitu na mashamba ya walowezi, watu wa lugha nyingi walikutana Londiani, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kati yao. Kwa hiyo hapo tunaweza kuona kwa karibu jinsi neno la Kiswahili lilivyopokea mzigo uliokuwa umebebwa na maneno ya lugha nyingine.

2. Jina

Msafiri atokaye Londiani hahitaji kwenda mbali kuikuta sarufi ya jinsia ya Kikipsigis. Upande mmoja yupo karibu na Kipkelion. Upande mwingine yupo karibu na Chepseon. Viambishi hivi viwili, Kip- na Chep-, ndivyo vinavyotumika katika majina ya watu. Mtoto aliyezaliwa alfajiri huitwa Kipkoech akiwa wa kiume, na Chepkoech akiwa wa kike. Aliyezaliwa jioni, wakati mbuzi warudipo nyumbani, huitwa Kiprono au Cherono. Mzizi hueleza wakati au tukio, na kiambishi hueleza jinsia ya mtoto. Mpango huu ni mzuri na unaeleweka upesi, na mwalimu mgeni aliyeketi na daftari lake angeweza kudhani kwamba amepata ufunguo wa kutenganisha wavulana na wasichana kwa kusoma herufi za kwanza tu.

Angekosea. Jina Cheruiyot ni la kiume, ingawa mwanzo wake unafanana na ule wa Cherono. Jina Chepkwony nalo huchukuliwa na wanaume, na mzizi wake unahusiana na neno kwonyik, yaani wanawake. Mtoto wa kiume aliweza kupewa jina lenye alama ya kike kwa sababu za nyumba yake, wala hakuna aliyedhani kwamba kwa ajili hiyo amekuwa msichana. Jina lilisema jambo juu ya kuzaliwa kwake. Halikutoa hukumu juu ya mwili wake.

Tena jina lenyewe halikuwa la kudumu. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa alipata jina la arap pamoja na jina la baba yake, na tangu hapo la utotoni likarudi nyuma. Mwanasiasa na mwanaisimu Taaitta arap Towett, aliyetoa kitabu chake juu ya isimu ya Kikalenjin mwaka 1979, anajulikana kwa jina la namna hiyo. Kwa desturi hii, mtu kubadili jina kwa kuwa nafasi yake imebadilika halikuwa jambo la ajabu wala la udanganyifu. Ni cheti cha mtihani kilicholigandisha jina, na sababu ya kufanya hivyo tutaiona mbele.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Kiswahili hakina jinsia katika upatanisho wake. "Mwanafunzi amefika" haituambii lolote juu ya kuwa wa kike au wa kiume. Mwenye kuandika historia ya shule kwa Kiswahili anaweza kujaza kurasa nyingi bila kulazimika kuamua. Hulazimika pale tu anapolifikia neno kama msichana, mvulana, mwari, au safu ya fomu. Uamuzi, basi, haumo katika sarufi. Umo katika msamiati na katika ofisi.

3. Nafasi

Jambo la pili ni nafasi. A. C. Hollis, aliyeandika juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba vijana waliokaribia kutahiriwa walivaa mavazi na mapambo ya wasichana, na wasichana waliokaribia unyago wao walivaa mavazi ya vijana wapiganaji. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu kwa lugha na kwa desturi. Maana ya tendo hilo inajadilika, lakini jambo moja ni dhahiri: kabla ya kuvuka kizingiti, mtoto alikuwa bado hajatiwa muhuri. Aliyetoka kambini ndiye aliyekuwa mwanamume au mwanamke kamili; aliyekuwa hajaingia alikuwa mtoto tu, hata akiwa na umri mkubwa.

Mfano wa pili ni ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke, iliyojulikana miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe warithi wa nyumba yake. Regina Smith Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980, alieleza kwamba kwa itikadi ya Wanandi mwenye kuoa huhesabiwa kuwa mwanamume, ingawa katika maisha ya kila siku mwenendo wake haukubadilika wote. Desturi hiyo haikufa pamoja na wazee. Mwaka 2011 Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu mjini Mombasa aliitambua ndoa ya namna hiyo chini ya desturi ya Wanandi katika shauri la urithi la Monica Jesang Katam.

Tusije tukaifanya desturi iseme ambayo haikusema. Mwanamke aliyeoa hakudai kwamba mwili wake ni wa kiume, wala kwamba moyoni mwake amekuwa mwanamume tangu utotoni. Alichukua nafasi ya mume kwa ajili ya nyumba na mifugo. Vile vile tusiipambe desturi kupita kiasi. Kizingiti tulichokitaja kilivukwa kwa kisu. Msichana asiyekatwa alidharauliwa na kuhesabiwa mtoto, na aliyekatwa alikuwa tayari kuolewa. Tunachosema ni kidogo na cha hakika: nafasi ya mtu na mwili wake viliweza kutajwa mbali mbali, na jamii ikaendelea na shughuli zake.

4. Shule kama ngome

Elimu ya wasichana ilichelewa. Shule ya serikali iliyokuja kujulikana kwa jina la Kabianga ilianzishwa kwa ajili ya wavulana mwaka 1925. Alliance ya wavulana huko Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1926, na ya wasichana mwaka 1948, yaani miaka 22 baadaye. Katika muda huo msichana wa Kipsigis aliyepata kusoma darasa la chini alikuwa na njia mbili mbele yake: unyago na ndoa, au shule ya misheni. Waliomtaka asome walijua kwamba akirudi nyumbani wakati wa likizo huenda asirudi tena darasani. Ndiyo maana bweni likawa na thamani kubwa. Ukuta wa shule ya wasichana haukujengwa kwa chuki dhidi ya mtu yeyote. Ulijengwa ili mtoto apate miaka minne ya kuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mke.

Walakini ukuta huwa na mlango, na mlango huwa na masharti. Kwa miaka mingi neno "msichana" mlangoni hapo halikumaanisha mtu mwenye mwili wa kike tu. Lilimaanisha mtu wa kike asiyeolewa na asiyezaa. Aliyepata mimba alitoka, na kutoka huko hakukuchukuliwa kuwa adhabu tu. Kulionekana kama jambo la maana ya maneno. Alikuwa amekoma kuwa msichana na kuwa mama, na mama hana mahali katika shule ya wasichana. Mwili wake ulikuwa ule ule wa kike, na jina lake lile lile. Nafasi yake peke yake ndiyo iliyobadilika, nayo ikatosha kumfungia mlango.

Sera ilibadili maana hiyo. Mwaka 1994 serikali ya Kenya iliweka utaratibu wa kuwaruhusu wasichana waliozaa kurudi shuleni, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa miongozo mipya ya kuwarejesha wanafunzi. Utekelezaji ulitofautiana, lakini kanuni iligeuka: mama alikubaliwa kuwa tena msichana wa shule. Shule za wasichana hazikuporomoka kwa sababu hiyo.

Kizingiti cha unyago nacho kilisogezwa. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji nchini kote. Kwa hesabu za taifa, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 katika uchunguzi wa mwaka 1998, na asilimia 15 katika ule wa mwaka 2022. Huko Londiani kwenyewe, shirika la Friends of Londiani, lililoanzishwa kutoka Ireland mwaka 2002, lilishirikiana na wenyeji kuendesha mafunzo mbadala, ambamo wasichana hufundishwa na kupokewa kuwa watu wazima bila kukatwa. Hapo tena tunaona nafasi ikitenganishwa na mwili: usichana uliokomaa unatangazwa kwa neno na kwa sherehe, na mwili unaachwa salama. Wazazi walioyakubali mafunzo hayo walikubali, pengine bila kulisema, kwamba kinachomfanya binti yao kuwa mwanamke si kidonda.

5. Safu ya fomu

Sasa tufikie safu yenyewe. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulikuwa lango la kuingia shule ya upili. Mtahiniwa aliandikishwa kwa jina na jinsia, na uteuzi wa shule ukafuata maandishi hayo. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hakumchagua mtoto kwa kumtazama, alipokea orodha. Kwa njia hiyo herufi moja iliyoandikwa na karani wakati wa kuzaliwa ilisafiri kutoka cheti cha kuzaliwa hadi orodha ya mtihani, na kutoka hapo hadi kitanda cha bweni.

Herufi hiyo ilipokosekana, matatizo yalionekana wazi. Mwaka 2009 mtoto mmoja alizaliwa katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na mahali pa jinsia katika karatasi zake pakatiwa alama ya kuuliza. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu, na mnamo Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze chombo kitakachokusanya takwimu za watoto wa namna hiyo na miongozo itakayowahusu. Miaka mitano baadaye, sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza: katika wakazi 47,564,296, watu 1,524 waliandikwa kuwa si wa kiume wala wa kike tu. Yamkini wengine hawakujitaja, kwani swali kama hilo hujibiwa mbele ya jirani. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inayomtaja mtoto huyo waziwazi, inayotaka aandikishwe sawasawa anapozaliwa, na inayompa haki ya heshima, matibabu na elimu.

Shauri jingine lilihusu si mwili aliozaliwa nao mtu bali jinsi mtu anavyojitambua. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika shule ya wavulana ya Kiambu, kwa jina la kiume. Baadaye, akiishi kama mwanamke, aliomba Baraza la Mitihani libadili jina katika cheti chake, na baraza likakataa. Mnamo Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru cheti kitolewe kwa jina jipya bila alama ya jinsia. Hoja yake yatufaa sana hapa: alama za mtihani hazitolewi kwa jinsia ya mtahiniwa, basi kuiondoa hakupunguzi thamani ya cheti. Kwa maneno mengine, mahakama iliuliza safu hiyo inafanya kazi gani, ikaona kwamba katika cheti haifanyi kazi.

Lakini katika shule ya wasichana safu hiyo inafanya kazi, na hapo ndipo penye ugumu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto katika uandikishaji kwa sababu ya jinsia. Kisha inaziondoa katika katazo hilo shule zilizosajiliwa kwa ajili ya jinsia moja. Kifungu hicho hakielezi ni nani wa jinsia hiyo. Sheria ya mwaka 2022 inampa mtoto elimu. Ya mwaka 2013 inaipa shule ruhusa ya kuchagua. Mwalimu mkuu anasimama katikati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto amezaliwa katika kijiji kimoja karibu na Londiani, mkunga akasema ni wa kike, akapewa jina la Chep- na cheti kikaandikwa hivyo. Akafaulu vizuri, akaitwa shule ya wasichana, baba akauza ng'ombe, sanduku la bati likanunuliwa. Katika muhula wa tatu sauti yake inazidi kuwa nzito, na mwili unaonyesha yasiyotarajiwa. Wenzake wananong'ona bafuni. Matroni anapeleka habari ofisini. Mtoto huyu hakumdanganya mtu. Jina lake ni lile alilopewa, nafasi yake ni ile aliyolelewa, na mwili wake ni ule aliozaliwa nao. Akifukuzwa, atapelekwa wapi? Shule ya wavulana itasoma cheti chake na kumrudisha. Kwa hiyo hukumu ya kwamba yeye "si msichana" haimpeleki upande wa pili, inampeleka nyumbani.

Hata hivyo wasichana wengine wa bweni hilo nao wana haki yao ya faragha, nao wazazi wao waliwaleta pale kwa imani. Asemaye kwamba hofu yao ni ujinga mtupu hajapata kukaa katika bweni. Njia ya haki haina budi kuwatazama wote.

6. Suala la istilahi

Wasomaji wa jarida hili watauliza lugha inaweza kusaidia nini. Tunajibu kwamba inaweza kusaidia kutenganisha maswali.

Kiswahili kina neno la kale, huntha, lililotoka katika Kiarabu. Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu walilitumia katika milango ya urithi na ibada, kwa kuwa walitambua kwamba mtu wa namna hiyo huzaliwa na lazima apate fungu lake. Hawakungoja aamue kwanza ndipo wamhesabu kuwa mrithi, walimtafutia hesabu. Siku hizi magazeti na mikutano hutumia pia "mwenye jinsia mbili" na "mwenye jinsia tata". La kwanza linapotosha, kwani mtoto hana jinsia mbili kamili. La pili linamfanya mtoto kuwa tatizo. Huntha limepata kutumiwa kama tusi mitaani, lakini lina nasaba ya kisheria, nalo laweza kusafishwa.

Pili, wapo waandishi, hasa Tanzania, wanaotumia jinsi kwa maana ya maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia kwa maana ya nafasi na majukumu ya kijamii. Fomu za huko huandika "Me" na "Ke". Kenya neno jinsia hubeba maana zote mbili. Tofauti hiyo ikishikwa, twaweza kuona kwamba huntha ni suala la jinsi, mama aliyerudi darasani ni suala la nafasi, na mtu anayejitambua tofauti na alivyoandikwa ni suala la tatu, lisilopaswa kujibiwa kwa kanuni za yale mawili.

Ugomvi wa maneno haya si wetu peke yetu. Marekani, vyuo vya wanawake vya Mills na Mount Holyoke vilipanua masharti ya kuingia mwaka 2014, na Smith mwaka 2015, vikiwakubali waliozaliwa wakaandikwa wanaume lakini wanaojitambua kuwa wanawake. Uingereza, mnamo Aprili 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno "mwanamke" katika sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 lina maana ya jinsi ya maumbile. Nchi mbili zenye lugha moja zimelisoma neno moja kwa njia mbili. Hatuna sababu ya kudhani kwamba jibu litatujia likiwa limekwisha kutafsiriwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mlango wa shule ya wasichana umepata kusogezwa zaidi ya mara moja. Ulimkataa mama, kisha ukampokea. Uliwahi kumpoteza mwari aliyekwenda unyagoni, kisha unyago wenyewe ukabadilishwa ili asome. Kila mara waliousogeza walilazimika kuuliza ukuta ulijengwa kwa ajili gani, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: ili mtoto asome kwa usalama.

Kwa kipimo hicho, mambo mawili yaweza kupendekezwa bila kungoja mjadala wote umalizike. Kwanza, mtoto huntha aliyeandikishwa na kulelewa kama msichana asiondolewe shuleni mpaka awe amepatiwa shule nyingine inayompokea, na habari za mwili wake zisiwe mali ya uwanja wa gwaride. Pili, wanaotunga fomu waulize, kama alivyouliza Jaji Korir, safu hii inafanya kazi gani mahali hapa. Na inapofanya kazi, waandike wazi ni lipi kati ya mambo matatu wanalolitaka: mwili, jina au nafasi.

Wazee wa Kipsigis waliompa mvulana jina la Chepkwony walijua kwamba jina si mwili. Yatupasa angalau tuwafundishe makarani wetu jambo hilo.